Takwimu za Mdomo wa Gunia

Kiprugut alirudi shule akiwa na miaka hamsini na mmoja kwa sababu ya kiti. Ndiyo, kiti! Wengine hurudi kwa kiu ya elimu, wengine kwa sababu mkubwa wa kazi amesema bila cheti hakuna cheo. Huyu wetu, mfalme wa viazi kutoka Kuresoi mpaka Lanet (ufalme aliojipa mwenyewe, bila mpinzani), alirudi kwa sababu ya sofa ya mtu mmoja.

Nawaambia ninachokijua, maana nilikuwepo. Mimi naitwa Mugure. Kazi yangu ni kushona midomo ya magunia kwenye stoo yake hapa Free Area, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Kwa miaka yote hiyo sijawahi kumwona Kiprugut akishindwa na jambo lolote, mradi jambo lenyewe ni la kusema tu.

Mambo yalianza hivi. Kiplimo, mtoto wake wa kwanza, ndiye huendesha pikapu ya kupeleka viazi. Kila Ijumaa alipeleka magunia kumi kwa Mama Jepkosgei, mwenye hoteli kule Lanet. Kushusha magunia kumi ni kazi ya dakika ishirini. Lakini Kiplimo akaanza kurudi baada ya saa mbili, halafu tatu, halafu siku moja akarudi jioni akinukia sabuni ya kuogea! Tulipombana akasema ukweli: Mama Jepkosgei ana binti anaitwa Chepkirui, mwalimu wa hesabu, na wamependana. Tulifurahi sana. Msichana ana adabu na ana akili, na Kiplimo wetu hana cha kujivunia isipokuwa kurudisha pikapu kinyumenyume bila kuangalia.

Basi tukaenda kubisha hodi kwa wakwe. Kiprugut akaingia sebuleni na suti yake ya kijivu, akaangaza macho, akaona sofa kubwa ya mtu mmoja yenye kitambaa cha kufuma mgongoni, akaielekea moja kwa moja.

"Pole, Baba Kiplimo, hapo hapana," Mama Jepkosgei akamwambia. "Hapo ni pa mjomba wa Chepkirui, Mzee Bethwel. Amefundisha miaka thelathini. Ni mtu wa masomo."

Akaonyeshwa kiti cha plastiki, tena kile chenye mguu mmoja unaocheza. Mzee Bethwel akajimwaga kwenye sofa, akavuta kitambaa, akaegemea. Nikaona shingo ya Kiprugut ikivimba, nikajua hapa litatoka neno.

"Hata mimi ni mtu wa masomo," akasema. "Niko chuo. Nafanya statistics."

Chai ikampalia Kiplimo. Mimi nikatazama dari.

"Chuo gani hicho?" Mzee Bethwel akauliza.

Kiprugut alijua chuo kimoja tu, kile ambacho bango lake huliona kila asubuhi akifungua stoo. Akakitaja.

"Haki!" Mama Jepkosgei akapiga makofi. "Si huko ndiko Chepkirui anafundisha!"

Chepkirui, ambaye alikuwa akimimina chai kwa unyenyekevu wote, akainua uso. "Mimi nafundisha bridging, baba. Wale wameanguka placement ya hesabu. Lakini kama wewe uko statistics, basi placement ulipita."

"Kitambo!" Kiprugut akasema. "Hiyo niliipita nikiwa nimesimama."

Mzee Bethwel akamtazama upya, na kwa heshima. Kiprugut akaegemea kiti chake cha plastiki, mguu mbovu ukapiga kelele, naye akajifanya hakuusikia.

Nyie hamjui uzito wa uongo huo, ngoja niwaeleze. Pale chuoni, mtu aliyekaa nje ya shule miaka mingi hawezi kuanza takwimu hivi hivi. Anafanya kwanza mtihani wa kupimwa hesabu. Akipata hamsini kwenda juu, anaingia darasa la takwimu moja kwa moja. Akipata chini ya hapo, jina lake linabandikwa ukutani na kupelekwa kwa mwalimu wa bridging, ambaye atamfundisha wiki kumi na mbili, kuanzia kujumlisha. Na mwalimu huyo ni nani? Ni Chepkirui! Hebu fikiria: baba mkwe kuitwa ubaoni na mke wa mtoto wake, darasa zima likitazama! Kwao Kiprugut, wawili hao hupishana kwa heshima hata mlangoni.

Na koito, ile siku ya wazee kukaa na kukubaliana mahari, ilikuwa imepangwa baada ya wiki nne. Mtihani ulikuwa baada ya wiki tatu.

"Mzee, umetuchoma," Kiplimo akamwambia tukiwa njiani kurudi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hawa watu hawapendi uongo hata kidogo. Chepkirui akiona jina lako kwa list ya bridging, atajua uliwadanganya siku ya kwanza kabisa. Hapo imeisha. Mimi na yeye imeisha!"

"Jina langu haliwezi kuwa kwa list," Kiprugut akasema. "Nitapita."

"Hesabu uliachia wapi?"

"Form Two. Lakini niliiacha ikiwa vizuri."

Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye dirisha la usajili.

Maandalizi yalianza na vifaa. Alinunua kikokotoo cha kisayansi chenye vitufe arobaini na tisa, akakitia kwenye mfuko wa ngozi na kukifunga kwa mshipi kiunoni. Akanunua miwani. Si kwamba macho yana shida, la! Miwani yenyewe ni kioo kitupu, lakini alisema hesabu huheshimu mtu mwenye miwani. Akapita kwa cyber, akachapisha mitihani arobaini ya zamani, akairundika juu ya mizani ya stoo ili kila mteja aione.

Siku ya tatu akanitangazia, "Mugure, nimemaliza mitihani yote arobaini."

Nikaichukua, nikaifungua. Ukurasa wa kwanza wa kila mtihani ulikuwa na alama za kalamu. Wa pili ulikuwa msafi kabisa.

"Boss, umesoma kurasa za kwanza tu."

"Zinatosha. Gunia hujulikana kwa mdomo."

Jamani! Maneno hayo kutoka kwa Kiprugut! Hapa lazima nitubu kidogo, maana bila toba hii hamtaelewa yaliyofuata. Gunia letu la viazi huwa limepambwa. Viazi vikubwa, vyeupe, vya kuvutia, tunavipanga juu mdomoni. Katikati tunaweka vya saizi ya yai. Chini kabisa ni vile vidogo kama bano, zile gololi za watoto, na vya kijani ambavyo hata ng'ombe huvifikiria mara mbili. Kisha mimi nashona. Sisi si wa kwanza kufanya hivyo, lakini hilo si la kujitetea. Nilishona miaka tisa na sikukosa usingizi hata siku moja, na leo nikifikiria naona haya.

Basi, kwa kuwa mimi niliwahi kupata B ya hesabu Form Four kabla maisha hayajanipa sindano ya gunia, nikapewa kazi ya ziada ya kumfundisha. Tukaanza na aljebra.

"Gunia lina uzito x," nikasoma. "Magunia matatu na kilo kumi zaidi ni kilo mia moja na sitini. Tafuta x."

Akanitazama kwa huruma. "Si gunia liko hapo? Tulipime."

"Boss, hili ni la kitabuni."

Hakunisikia. Akabeba gunia mpaka kwenye mizani, akasoma. "x ni kilo mia moja thelathini na saba."

"Kitabu kinasema hamsini."

"Basi kitabu kimeandikwa na mtu wa mkate, asiyejua gunia la viazi!"

Tukahamia kwenye uwezekano. Nikamweleza kwamba jambo lisiloweza kutokea ni sifuri, na jambo la hakika ni moja, wala hakuna kinachopita moja. Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza, "Uwezekano wa lori kukwama barabara ya Kuresoi mwezi wa nne, mvua ikinyesha?"

"Moja nukta tano."

"Haipiti moja, boss!"

"Wewe hujawahi kwenda Kuresoi mwezi wa nne. Lori linakwama. Trekta linakuja kulivuta. Trekta nalo linakwama. Hiyo ni moja na zaidi."

Nikafunga ukurasa wa uwezekano.

Siku ya kujifunza kipimo cha kati nilipanga viazi kumi na moja sakafuni, kutoka kidogo mpaka kikubwa, nikamwambia achukue cha katikati. Akakasirika kama nimemtukana. "Nani huonyesha mtu kiazi cha katikati? Cha katikati ndicho hufichwa!" Akachukua kile kikubwa kuliko vyote, akakipangusa kwa mkono wa shati na kukiweka juu ya vitabu.

Hivyo ndivyo wiki tatu zilivyokwisha. Kiplimo alikonda. Alikuwa akipita nje ya stoo, anachungulia, anasikia baba yake akibishana na kitabu, anaondoka akitikisa kichwa. Siku moja akanivuta pembeni. "Mugure, niambie ukweli. Atapita?" Nikamwambia aombe Mungu, akasema ameshaanza.

Siku ya mtihani Kiprugut alivaa ile suti ya kijivu, miwani usoni, kikokotoo kiunoni. Alivyoniambia yeye mwenyewe, ukumbi mzima ulisimama alipoingia. Alivyoniambia Kiplimo aliyempeleka, walisimama kwa sababu walidhani ndiye msimamizi. Walipomwona anatafuta dawati wakaketi, na wengine wakacheka.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya hesabu za nusu na robo, na asilimia, alama arobaini. Ilimtoa jasho mpaka miwani ikafanya ukungu. Ya pili ilikuwa aljebra, alama thelathini, na humo hamkuwa na mizani. Alibaki akikitazama kikokotoo, nacho kinamtazama. Akafikiria kuomba ruhusa ya kwenda msalani na asirudi tena. Lakini akakumbuka sura ya mtoto wake pale nje kwenye pikapu, akafungua ukurasa wa mwisho.

Swali la mwisho lilikuwa moja tu, alama thelathini. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, lakini maana yake ni hii: mnunuzi wa viazi huangalia vya juu pekee kabla ya kununua gunia. Je, sampuli yake inawakilisha gunia zima? Eleza, utoe mfano halisi.

Mfano halisi! Kiprugut akavua miwani ili aone vizuri. Akavua koti. Akaandika kurasa nne bila kupumzika, akaomba karatasi nyingine, akachora gunia lililopasuliwa katikati na mishale kila upande. Kwa Kiprugut, karatasi ya mtihani ni siri kama kura. Unaandika, inakunjwa, inakwenda serikalini, hakuna anayeiona tena. Hajui kwamba walimu nao ni watu, na wakipata kitu kitamu hawali peke yao.

Matokeo yakabandikwa baada ya siku nne. Sehemu ya kwanza, kumi na mbili kati ya arobaini. Ya pili, kumi kati ya thelathini. Ya tatu, thelathini kati ya thelathini! Jumla hamsini na mbili. Orodha ya bridging ilikuwa na majina ishirini na sita, na lake halikuwemo.

Kiplimo alilia pale pale ukutani. Mimi mwenyewe nilipiga nduru, watu wa stoo jirani wakadhani tumevamiwa. Naye Kiprugut? Hakusema kamwe kwamba alipata hamsini na mbili. Alisema "nilipita na nyingine zikabaki." Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda, akaongea muda mrefu kuliko mahubiri, mpaka mchungaji akaanzisha wimbo ili akae chini.

Siku ya koito tulifika Lanet saa nne asubuhi. Safari hii alikuwepo na mkewe Chemutai, ambaye huishi shambani Kuresoi na mara ya kwanza hakuja kwa sababu ya kupalilia. Chemutai ni mwanamke wa maneno machache. Nadhani mumewe aliyamaliza ya nyumba nzima.

Tulipoingia tu, Mzee Bethwel akainuka kwenye sofa yake. "Kaa hapa, mtu wa statistics. Hapa ni pako."

Sijui kama mmewahi kumwona mtu akiketi kwa furaha. Kiprugut aliketi polepole, akapapasa mikono ya sofa, akavuta kitambaa mgongoni, akatutazama sisi wa plastiki. Mimi nikawatazama wenyeji. Mama Jepkosgei alikuwa akitabasamu mno, na Chepkirui hakutaka kumtazama Kiplimo machoni.

Maombi yakafanywa, salamu zikatolewa, mazungumzo yakaanza. Wakwe walipotaja ng'ombe wanne, Kiprugut akacheka.

"Wanne tu? Mimi niko na kumi na watano wa gredi, wale wa maziwa! Nyinyi chagueni." Akatoa simu na kuonyesha picha ya ng'ombe mmoja mkubwa, mnene, mwenye madoa, akilamba jiwe la chumvi. "Huyu ni sampuli tu. Wengine wote wako hivi."

Chemutai akakohoa.

"Sampuli," Mzee Bethwel akarudia taratibu. "Vizuri. Tule kwanza."

Chakula kikaja. Sisi wote tulijipakulia, lakini cha Kiprugut alikileta Mama Jepkosgei kwa mikono yake, sahani kubwa imerundikwa mpaka juu. Kileleni kulikuwa na kipande kinono cha nyama na viazi viwili vikubwa vya kukaangwa, vimeng'aa kwa mafuta. Kiprugut akanikonyeza.

Akala nyama. Akala viazi viwili. Akachimba chini kidogo, akakuta vya saizi ya yai, vimechemshwa bila chumvi. Akaendelea, maana mbele za wakwe mtu hachagui. Akachimba tena, akakuta vidogo kama bano, na maganda yake. Chini ya hivyo, vya kijani, vibichi! Kijiko kikagonga kitu kigumu. Akakitoa, akakiweka kwenye kiganja. Ilikuwa kokoto, imeoshwa vizuri.

Nilimwona akili ikimrudia hatua kwa hatua, kutoka sahani mpaka gunia.

"Mbona unaacha, Baba Kiplimo?" Mama Jepkosgei akauliza kwa upole. "Si juu ilikuwa safi?"

Akatoa karatasi kwenye mfuko wa aproni. "Chepkirui alileta hii nyumbani. Mkuu wao wa idara aliwapa walimu wote wafundishie. Alisema hajawahi kuona jibu zuri la sampuli kama hili. Wamefuta jina la mwenye kuandika. Lakini hebu sikieni."

Akasoma. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha mwandishi, na akakigeuza Kiswahili ili wote tufaidi.

"'Sampuli haiwakilishi hata kidogo, naweza kuapa. Juu tunaweka kilo kumi za kuonyesha. Chini tunaweka takataka. Mfano halisi ni mama mmoja wa hoteli huko Lanet, magunia kumi kila Ijumaa. Huyu hufungua mdomo wa gunia kwa vidole viwili, ananusa, anasema asante Yesu, anaenda zake. Kama angetaka ukweli angechukua kutoka juu, katikati na chini bila kuchagua. Lakini hawezi, kwa sababu aliyeshona ni Mugure, na fundo la Mugure halifunguki bila kisu.'"

Wamefuta jina la mwenye kuandika. Langu wakaliacha!

Macho yote yakanigeukia. Nilitamani niingie kwenye gunia nijishone kwa ndani.

"Miaka mitatu," Mama Jepkosgei akasema, na hapo tabasamu likaisha. "Miaka mitatu wapishi wangu wananiambia viazi haviishi kumenywa, mimi nawaita wavivu. Nimefukuza mmoja! Na hiyo karatasi ni ya juzi, Baba Kiplimo. Mara ya kwanza ulituambia placement ulipita kitambo."

Kiplimo alikuwa ameinamisha kichwa magotini. Chepkirui alikuwa analia bila sauti, akijipangusa kwa kona ya leso. Nilijua hapo ndipo penyewe: neno moja la kijinga tu, na hawa watoto wanaachana.

Kiprugut akafungua mdomo. Nikafumba macho.

"Nimekosa," akasema.

Nikafumbua. Alikuwa amesimama, sofa iko tupu nyuma yake.

"Mama Jepkosgei, nimekosa. Niliona haya kukaa kwa kile kiti, nikadanganya. Na viazi... hiyo ni tabia mbaya, na ni yangu. Si ya kijana. Yeye huendesha tu. Usimnyime msichana kwa makosa yangu."

Mama Jepkosgei akamtazama Kiplimo, akamtazama binti yake. Akavuta pumzi. Nikaona mdomo unamcheza pembeni, akijizuia, akashindwa.

"Kokoto umeiona?" akauliza.

"Nimeiona."

"Niliitafuta asubuhi nzima. Nilitaka yenye saizi ya kiazi."

Akaangua kicheko, na sebule nzima ikaangua naye. Hata Chepkirui alicheka na machozi yake. Kiprugut akacheka pia, akashusha pumzi, na kama mjuavyo, mtu huyu akipewa hewa kidogo tu anavimba. Akarudi kwenye sofa. "Basi tuendelee na ng'ombe. Kama nilivyosema, kumi na watano."

"Ngoja," Mzee Bethwel akainua mkono. "Sisi tumesoma ile karatasi. Hatutaki sampuli. Jumatano tunakuja Kuresoi na daftari. Tunataka sensa."

Kiprugut akarudisha simu mfukoni.

"Msisumbuke na ile barabara," Chemutai akasema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza siku hiyo. "Ni watano. Na huyo wa kwa simu ni wa jirani."

Mzee Bethwel akatoa miwani yake, ya kweli, akaipangusa. "Mama Jepkosgei, huyu si mwongo. Mtu mwenye ng'ombe watano akihesabu anapata kumi na watano, huyo ana shida ya hesabu. Chepkirui, kwa ule mtihani alipata ngapi?"

"Hamsini na mbili, mjomba. Alipita."

"Thelathini ni za viazi vya juu. Mwaga tuone chini."

Chepkirui akasita, akainamisha uso kwa heshima. "Kwa zile nyingine zote, ishirini na mbili kati ya sabini."

"Basi mahari ni ng'ombe wawili," Mzee Bethwel akasema, "na wiki kumi na mbili za bridging."

"Mzee, tuzungumze!" Kiprugut akaruka. "Naongeza ng'ombe! Naongeza wanane!"

"Wapi?" Chemutai akauliza.

Wakapeana mikono. Mimi nilipewa hukumu yangu pembeni: kumwaga kila gunia la stoo, kuchanganya upya mbele ya Mama Jepkosgei, na kushona kwa fundo la kawaida. Niliifanya kwa moyo mmoja, na Jumatatu ile bridging ilipoanza nilikuwa bado namwaga, kwa hiyo ya darasani naeleza kama nilivyoambiwa na Kiplimo, aliyempeleka baba yake na kubaki dirishani akichungulia.

Chepkirui aliandika ubaoni: nusu jumlisha theluthi. Kisha, kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mgeni wa heshima, akasema, "Baba, tafadhali, tusaidie."

Kiprugut akainuka, akaweka sawa koti, akachukua kalamu ya ubao. Hakusita hata kidogo. Akaandika mbili juu ya tano, akaipigia mstari mara mbili chini, akaligeukia darasa na kusubiri makofi.

"Asante sana, baba. Unaweza kukaa," Chepkirui akasema, akachukua kifutio na kulifuta jibu lote. "Sasa wote tuanze mwanzo kabisa, kuhesabu. Moja."